Kibodi ya Kidole Kimoja

Mama yangu hajawahi kusema "sawa" maishani mwake. Husema "tutaona", husema "hayo ni yenu", na akifurahi sana husema "haya, leo mmefikiri". Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu kutoka Kibaigwa, siku ya Jumanne, kuniarifu kwamba mama amekubali nyumba yake ya Kondoa ipangishwe, nilimuuliza amekubali vipi. Akajibu kwa furaha kabisa.

"Kaandika mwenyewe. Sawa. Ninayo hapa kwenye simu."

Kaka yangu ni dalali wa mahindi. Anashinda juani kati ya malori na magunia, na riziki yake yote imesimama juu ya neno hilo moja. Mwenye mzigo akisema sawa na mnunuzi akisema sawa, biashara imekwisha. Anayerudi nyuma jina lake linachafuka soko zima, kuanzia kwa wapakiaji hadi kwa mama ntilie. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kwamba kuna sawa na sawa, atakuona una lako jambo.

"Mdogo wangu, usianze," alisema. Nyuma yake lori lilikuwa linapiga honi. "Mpangaji anachukua funguo Jumamosi, na vitu vya mama navihamishia kwako. Mama kashasema."

"Mama hajasema," nilimwambia. "Mama amejibu."

Akaniambia nina maneno mengi, akakata simu.

Kiharusi kilimkuta mama kule Kondoa, uani kwake, akianika alizeti. Tukamleta hospitali Dodoma, na kutoka hospitali akaja kwangu Nkuhungu. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na kikachukua ulimi. Akili kiliiacha ilivyo. Madaktari walitueleza hivyo kwa uangalifu mkubwa, kama watu wanaotoa habari mpya, ilhali sisi tuliokaa naye tulikuwa tunaona macho yake yanavyotusahihisha kutwa nzima. Mkono wa kushoto ulibaki na nguvu za kushika kijiko na kubonyeza kitu. Kalamu ulishindwa. Alijaribu mara kadhaa, akatazama alichoandika, akaigeuza karatasi ili asikione.

Basi tukampa simu. Simu ina herufi ndogo kama punje za ulezi, na kidole cha mama kinatetemeka. Tukimuuliza kitu, tunasubiri, na baada ya muda mrefu linakuja neno moja: Asante. Ndiyo. Sawa. Kiswahili kitupu, tena kile cha kukabidhiana mzigo. Mama anakijua Kiswahili, lakini kwake ni lugha ya dukani na ya ofisi ya mtendaji. Akitaka kukusema, kukusifu, au kukucheka mpaka ukose pa kuweka uso, anarudi kwenye Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa. Huyo mama wa Kirangi ndiye aliyenilea, na nilikuwa nimemkosa tangu siku ile ya alizeti. Niliyekuwa naye nyumbani alikuwa mgeni mpole anayenishukuru kwa chai. Nilikuwa sitaki mgeni. Nilikuwa nataka mtu aniambie maharage yangu hayaivi.

Ungemwambia aandike Kirangi kwenye simu hiyo hiyo? Nilimwambia. Shida ni kwamba Kirangi kina herufi mbili ambazo Kiswahili hakina, i na u zilizopigwa mstari katikati, kama watoto waliofungwa mkanda tumboni. Vijana wetu siku hizi wanaandikiana bila mkanda na wanaelewana. Mama hataki. Kwa miaka mingi alikusanya wanawake barazani kwetu Kondoa baada ya alasiri, akawafundisha kusoma lugha yao wenyewe, na mwanamke akiiacha herufi bila mkanda mama alikuwa anamuuliza kama hata mtoto wake humtoa nje hivyo hivyo. Nilipomwandikia sentensi ya Kirangi bila mikanda ili aone kwamba inawezekana, aliisoma, kisha akaisukuma simu kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha chai isiyo na sukari.

Hapo ndipo nikatoa ahadi ya kijinga. Nilimwambia nitamtengenezea kibodi yake, ya kompyuta, yenye vitufe vikubwa vya kweli na herufi zote za Kirangi, na kabla ya Jumamosi atasema mwenyewe kuhusu nyumba yake. Jicho lake moja likanitazama kwa imani na la pili kwa mashaka.

Mimi ni afisa TEHAMA. Naomba jina hilo lisimtishe mtu. Kazi yangu kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, kuwafungulia wakubwa nywila walizozisahau, na kuwaambia watu wazima wazime kisha wawashe. Lakini cheo kina ulevi wake. Nilichukua ruhusa ya siku tatu nikaitoa kabatini ile kompyuta yangu ya mtumba, ambayo betri yake ilikufa zamani na inaishi kwa waya, nikaiweka mezani mbele ya mama. Niliamini kazi ingeisha kabla ya chakula cha mchana.

Kutengeneza kibodi, kwa asiyejua, ni kazi ya kuandika. Unafungua faili na kueleza: kitufe hiki kikibonyezwa kitoe herufi hii, na mtu akibana Shift kitoe ile kubwa. Vitufe vyenyewe havina majina ya kibinadamu. Vimepewa namba kama viwanja vya Dodoma vilivyopimwa. Q anakaa AD01, yaani safu ya D, kiwanja cha kwanza. X yuko AB02, kwa majirani wa chini. Ukimaliza maelezo unalipeleka faili kwa programu iitwayo xkbcomp. Haina picha wala kitufe cha kubofya. Unaiita kwa kuandika jina lake kwenye dirisha jeusi. Kazi yake ni kulikompaili faili lako, maana yake kuyasoma maelezo yako na kuyageuza yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitii. Ikiyakataa, inakwambia imeyakatalia mstari gani.

Angalau ndivyo wanavyodai.

Mara ya kwanza iliniambia kuna kosa mstari wa tisa. Nikautazama mstari wa tisa. Ulikuwa msafi. Nikaufuta nikauandika upya. Kosa, mstari wa tisa. Nikayahesabu mabano yake kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Mabano yote yalikuwepo. Nikaanza kuusemesha. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, aliacha kunywa ili anisikilize vizuri.

Kosa lilikuwa mstari wa nane. Nilikuwa nimesahau nukta mkato mwishoni mwake, kile kinukta kilichokaa juu ya mkato. Programu ilikuwa imeupita mstari wa nane kimya, ikafika wa tisa, ndipo ikashtuka kwamba mambo hayaendi. Basi ikamshika iliyemkuta. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayekuja kugomba mlangoni kwako kwa sababu jirani hakufagia. Nilikasirika, na sioni aibu kusema nilikasirika, maana asubuhi yangu ilikuwa imeondoka na kinukta.

Nilipoirekebisha nukta, ikaja mvua ya maonyo. Kitufe fulani kina alama mbili lakini aina yake inaruhusu moja, hivyo ya pili imepuuzwa. Kitufe kingine vilevile. Kingine vilevile. Vitufe ambavyo sikuvigusa, sikuvitaja, wala sikujua kwamba vipo. Mimi nikavifukuzia, kwa kuwa nimelelewa kwamba ukionywa unasikia. Nilitafuta mtandaoni kitufe kimoja baada ya kingine, jua likahama kutoka dirisha la mbele mpaka la jikoni, hadi nikakuta mahali mtu ameandika, kwa utulivu wa kuudhi, kwamba maonyo hayo humtokea kila mtu duniani na hayana maana yoyote. Yapuuze tu. Sasa kama hayana maana, mnayatoa ya nini? Nilimuuliza mama swali hilo. Alinyanyua bega moja, lile linalonyanyuka.

Halafu ikanyamaza. Niliandika amri, nikabonyeza, na programu haikusema kitu. Hakuna kosa, hakuna hongera. Watengenezaji wa vitu hivi wana desturi kwamba kazi ikifanikiwa chombo kinakaa kimya. Nikasema alhamdulillahi, nikamwita mama asogee, nikabonyeza kitufe cha kwanza, ambacho kwa majaribio nilikuwa nimekipa i yenye mkanda. Ikatoka q. Nikabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba ilikuwa haijanisikia. Q. Kumbe nilikuwa nimeiagiza ikompaili tu, sikuiambia matokeo iyapeleke kwenye kibodi. Ilikuwa imeyaandika kwenye faili lingine pembeni, ikajinyamazia, inasubiri nijitambue.

Mama alicheka. Sauti haikuwepo, lakini nusu ya mdomo ilipanda na mabega yakatikisika. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Kondoa. Ningefurahi zaidi kama hangekuwa ananicheka mimi.

Siku ya pili, Alhamisi, niliamka nikiwa na hasira mpya. Niliwaeleza watu wa mtandaoni ninachotaka, nao wakaniambia wote kwa sauti moja: weka herufi zako za ziada chini ya Alt ya kulia, mkono mmoja ubane Alt, mwingine ubonyeze herufi. Ushauri mzuri kwa mtu mwenye mikono miwili. Mama ana mmoja, na katika huo ana kidole kimoja cha kutegemewa. Kila herufi ilibidi ipatikane kwa mguso mmoja, basi. Niliwaeleza hilo pia, wakaniambia ombi langu si la kawaida. Nikawaambia na mama yangu si wa kawaida, nikafunga ukurasa.

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo nadhani lingempata Mswahili yeyote. Nilitazama kibodi nikajiuliza: humu ndani nani hana kazi? Jibu liko wazi tangu darasa la kwanza. Q na X. Hakuna neno letu linalowahitaji. Wamekaa kwenye viwanja vyao vizuri, vilivyopimwa, hawajengi wala hawalimi. Nikawahamisha. AD01 nikampa i yenye mkanda, AB02 nikampa u yenye mkanda. Nikakata vipande viwili vya plasta nyeupe ya hospitali, nikaandika herufi hizo kwa kalamu ya wino, nikavibandika juu ya vitufe. Nikakompaili, safari hii nikayaelekeza matokeo mahali pake. Kimya. Nikabonyeza, na i ikatoka kwenye kioo, na mkanda wake tumboni.

Nilipiga kigelegele. Mama akagonga kijiko kwenye kikombe. Jirani akachungulia ukutani kuuliza kama kuna harusi.

Kisha nikaona kwamba herufi kubwa zimekosewa, nikataka kurudi kwenye kibodi ya zamani nirekebishe faili. Amri ya kurudi ina x ndani yake. Sina x. Nikajaribu kuiita xkbcomp yenyewe, ambayo x ndiyo herufi yake ya kwanza. Ikatoka u yenye mkanda, halafu kbcomp, na kompyuta ikaniambia haimfahamu mtu wa jina hilo. Nikataka kuifunga programu ya kuandikia. Inafungwa kwa kubana Control na x. Nikafungua nyingine. Hiyo inafungwa kwa q.

Ikabidi nisimame. Niliingia jikoni kugeuza sufuria ya wali na kutafuta subira, nikarudi, nikakuta kioo kimejifunga kinataka neno la siri. Neno langu la siri lina q katikati. Nililiweka mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nikijisifu kwamba hakuna Mswahili atakayelibahatisha.

Jamani. Nilikaa kwenye kiti nikaziangalia zile plasta mbili. Watu waliotengeneza mashine hizi hawakusoma darasa la kwanza letu. Hao wavivu wetu wawili ndio walioshika funguo za nyumba kwao, na mimi nilikuwa nimewafukuza bila kuuliza. Nilisema maneno ambayo sikuwahi kuyasema mbele ya mama, na yeye, badala ya kunitolea macho, alinyoosha mkono wake wa kushoto akashika waya wa umeme, akanitazama kama anayeomba ruhusa, na kuuchomoa ukutani. Kompyuta isiyo na betri ikafa papo hapo. Nilipoiwasha tena, kibodi ilikuwa ya zamani, na mistari yangu ya mwisho ambayo sikuwa nimeihifadhi ilikuwa imekwenda na maji.

Nimwambie kaka nini? Ijumaa ilikuwa kesho, na keshokutwa funguo. Nilimpigia nikamwomba asogeze mbele wiki moja. Alinisikiliza kwa adabu kuliko nilivyotegemea.

"Nimwambie mtu wa watu kwamba nasubiri dada yangu atengeneze kompyuta?" aliuliza. "We mwenyewe jisikilize."

Nilijisikiliza. Alikuwa na haki, nami nilikuwa na mama. Nikarudi mezani.

Ijumaa asubuhi nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Q na X nikawarudisha makwao na kuwaomba radhi. Nikatafuta wasio na kazi wa kweli, nikawakuta mwisho wa safu ya juu, mabano mawili ya mraba, ambayo mama hana haja nayo kabisa. Lakini mimi nayahitaji kuandikia lile faili, maana limejaa mabano, kwa hiyo nikatengeneza kibodi mbili ndani ya moja, ya kwangu na ya mama, na kitufe cha kuhama kutoka moja kwenda nyingine nikakifanya Caps Lock, kile cha herufi kubwa kinachotumiwa na watu wanaoandikia ofisi wakiwa na hasira. Kitufe hicho kina taa ndogo ya kijani. Nikaiagiza taa nayo: ikiwaka, ni Kirangi.

Nikakompaili. Kosa, mstari wa kumi na nne. Sikuutazama mstari wa kumi na nne. Nilikwenda moja kwa moja wa kumi na tatu, nikamkuta mkosaji amekaa bila nukta yake. Nikampa. Maonyo yakashuka kama kawaida yao, nikayaacha yashuke. Kisha kimya. Nikahamisha plasta zangu. Nikabonyeza Caps Lock, taa ikawaka, nikaisogeza kompyuta mbele ya mama.

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha. Mama alikaa sawa kwenye kiti, akauweka mkono wa kulia mapajani kwa kutumia wa kushoto, akanyoosha kidole. Mimi nikasimama nyuma yake. Nilikuwa na haraka ya ajabu. Nilitaka nyumba. Ndiyo au hapana, Kondoa au Dodoma, nimpigie kaka kabla hajaondoka sokoni. Kidole kikashuka, kikatafuta, kikabonyeza. Herufi kwa herufi. Kikafika kwenye plasta, ikatoka i yenye mkanda, na kidole kikasimama hapo kidogo. Kikaendelea.

Alikuwa ananisalimia.

Umeamkaje binti yangu. Ndiyo sentensi yote. Akaacha kuandika, akageuza shingo, akanitazama. Nikasema, "Mama, tumeshaonana asubuhi, andika habari ya nyumba." Akagonga meza kwa kiganja. Nikamjibu kwa Kirangi kwamba nimeamka salama. Kidole kikarudi kazini. Habari za nyumbani. Nikajibu. Habari za kazi. Nikajibu. Kazini kwenu wameamkaje. Nikajibu, nikiangalia saa ya ukutani na kuuma meno. Habari za mifugo. Mifugo, hapa Nkuhungu, ambapo mnyama pekee ni paka wa jirani! Nikajibu kwamba mifugo ni salama. Kwetu huwezi kuleta jambo kabla salamu hazijafika mwisho. Ni kama kuingia ndani kwa kupitia dirishani. Na hazirukwi, na hazifupishwi, hata kama unaziandika kwa kidole kimoja kinachotetemeka.

Ilikuwa kwenye swali la watoto wa dada zetu ndipo hasira ikaniishia. Nilikuwa nimetambua kitu. Tangu mama aje kwangu hakuna aliyemwamkia. Tulikuwa tunajua hawezi kuitika marahaba, basi tukaacha shikamoo, tukaona tunampunguzia kazi. Tulikuwa tunaingia chumbani moja kwa moja na maswali: mama, chai? Mama, dawa umekunywa? Mama, nyumba tupangishe? Wote tuliingilia dirishani, mimi wa kwanza. Nilipiga goti pale kwenye kiti nikamwambia shikamoo, na yeye akaandika jibu lake, pole pole, akaliwekea nukta.

Ndipo akaja kwenye jambo.

Aliandika mpaka karibu na alasiri. Nilileta chai ikapoa. Alipomaliza alinipa ishara nisome, nami nikasoma nikilia na kucheka, kwa kuwa alikuwa ni yeye. Maharage yangu yalikuwemo. Kisha nikachukua simu nikampigia kaka.

"Mama ana maneno," nilimwambia. "Nakusomea alivyoandika."

"Soma haraka, nina mtu hapa."

Nikasoma kwa Kirangi, na sikujua kama ningeweza, lakini sauti ya mama ilikuwemo ndani ya maneno, na ilitoka kinywani mwangu na ukali wake na mzaha wake. Umeamkaje mwanangu. Nikasubiri jibu, kama mama alivyokuwa akisubiri. Kelele za soko zilisikika. Nilidhani kaka atanifokea. Badala yake akajibu kwamba ameamka salama. Habari za kazi. Akajibu. Habari za malori, maana mama alikuwa amemwekea malori mahali pa mifugo. Akajibu, na nikasikia anasogea mbali na kelele.

Nikasoma: "Lile sawa ni la simu. Nilikuwa natafuta herufi yangu, sikuiona, kidole kikaangukia neno ambalo simu ilikuwa imeliweka juu tayari, likaenda. Nikasema moyoni, mwanangu ni dalali, anajua mtu anayekubali anavyokuwa. Atakuja aniulize tena. Hukuja." Nikaendelea kusoma. "Mpangaji wako sina ugomvi naye, usimwaibishe. Mpe vyumba vya mbele. Cha nyuma, kinachofungua uani, ni changu, na baraza ni ya wanawake wangu, hawajamaliza kusoma. Mama yako mdogo yuko ng'ambo ya barabara, atanisaidia kuoga. Utanipeleka wewe mwenyewe. Na kompyuta hii nakwenda nayo, dada yako amekwisha kuitukana vya kutosha."

Huo ukawa ndio mwisho wa maandishi. Mama alikuwa ameegemea mbele, sikio lake kwenye simu yangu, taa ya kijani ikiwaka chini ya kidevu chake. Upande wa pili mtu fulani alikuwa akimwita kaka yangu kwa mbali, na yeye hamjibu.

"Naam, mama," akasema.

Nilitaka kumkumbusha kwamba anayezungumza naye ni mimi. Sikumkumbusha.